Msitupiane Lawama kwa Ugonjwa wa Mtoto



Mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, mara nyingi maneno huanza nyumbani: "Kwetu hakuna kitu kama hiki. Kimetoka kwa ukoo wenu!" Hebu tujifunze ugonjwa mmoja unaoonyesha kwamba lawama hizo hazina msingi.

Ni ugonjwa wa Tarui, ulio nadra sana. Daktari Seiichiro Tarui wa Japani na wenzake waliueleza mwaka 1965, baada ya kuwachunguza ndugu watatu wa familia moja.

Mwilini mna vimeng'enya, yaani vichocheo vinavyovunja sukari ili tupate nguvu. Mgonjwa huyu amekosa kimoja. Misuli ina aina moja tu ya kimeng'enya hicho, kwa hiyo akikimbia, misuli hukaza na kuuma, naye huweza kutapika. Chembe nyekundu za damu zina aina mbili. Ile inayobaki hufanya kazi nusu tu, hivyo chembe hufa mapema na macho huweza kuwa ya manjano.

Je, umetoka kwa nani? Kila mtu ana nakala mbili za urithi wa kimeng'enya hiki, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu huwa mzima, wala hajui. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Basi mtoto amerithi kwa baba na kwa mama pia. Hakuna aliyekosa.

Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini mnaweza kumsaidia mtoto. Msimlazimishe mbio wala kazi nzito. Mwelezeni mwalimu, asije akamwita mvivu. Msimpe vitu vya sukari kabla ya mazoezi mkidhani atapata nguvu, kwani huweza kumzidishia udhaifu. Mkojo ukiwa mweusi baada ya kazi, mpelekeni hospitali upesi, maana figo zaweza kudhurika.

Maswali ya kuzungumzia mkiwa wawili:

1. Je, tumewahi kulaumiana kwa ugonjwa wa mtoto wetu?
2. Jamaa wakimsema mwenzangu, mimi humtetea au hunyamaza?
3. Mara ya mwisho mtoto alipougua, ni nani aliyempeleka hospitali? Je, tungeweza kwenda pamoja?