Daktari Asiyeonwa na Wagonjwa: Habari za Patholojia kwa Wanaotaka Kusomea Udaktari

Mwalimu akiuliza darasani ni nani atakaye kusomea udaktari, mikono mingi huinuka. Akiuliza tena, udaktari wa namna gani, majibu huwa matatu tu: kupasua, kutibu watoto, au kuzalisha. Patholojia haitajwi, na sababu yake ni nyepesi kuijua. Mtu wa Buyenzi au wa hapa Asiatique aweza kulazwa, akapasuliwa, akapona na kurudi nyumbani kwake, asimwone hata siku moja daktari wa patholojia. Hata hivyo huenda daktari huyo ndiye aliyemwokoa. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wenzangu kazi hiyo ni nini, na jinsi mwanafunzi awezavyo kuionja mapema kabla hajachagua njia yake.

Patholojia ni elimu ya magonjwa. Wanaosoma kwa Kifaransa hufupisha jina la tawi lake kubwa wakasema anapati. Daktari wa kitandani humsikiliza mgonjwa na kumpapasa. Daktari wa patholojia huitazama sehemu iliyougua yenyewe. Tuseme mama ana uvimbe katika titi. Daktari wa kupasua aweza kuutoa, lakini hawezi, kwa macho wala kwa vidole, kusema kwa hakika kama ni kansa ama ni uvimbe usiodhuru. Tena kama ni kansa, ni ya aina gani. Jibu hilo hutoka kwenye hadubini. Likiwa na kosa, mama hukatwa titi bure, au huachwa aende zake na ugonjwa ukazidi ndani yake. Likichelewa miezi miwili, ni karibu sawa na kosa.

Sasa tuone kazi inavyofanyika, maana wengi hudhani kipande cha nyama huwekwa tu chini ya hadubini kikatazamwa. Sivyo. Kwanza hutumbukizwa katika dawa iitwayo formalini, ambayo huizuia nyama isioze. Dawa yapasa iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kipande chenyewe. Chupa ikiwa kavu, au ikitiwa maji matupu, basi katika joto la Bujumbura kipande huharibika upesi, na hakuna bingwa duniani atakayekisoma tena. (Hapo mwaona kwamba muuguzi anayefunga chupa ana sehemu kubwa katika jibu kama daktari mwenyewe.) Kisha maji yote hutolewa katika nyama kwa kuipitisha katika alkoholi, na mahali pa maji huingizwa nta iliyoyeyushwa. Nta ikiganda, nyama huwa ngumu kiasi cha kukatika vizuri. Hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali, vipande vyembamba vya sehemu tatu mpaka tano za elfu ya milimita moja. Kimoja huelea juu ya maji ya vuguvugu kama ngozi ya ndani ya kitunguu, kikaopolewa kwa kioo.

Lakini kipande hicho hakina rangi, wala hakionyeshi kitu. Ndipo hutiwa rangi mbili. Ya kwanza hutoka katika gogo la mti uotao Mexico na nchi za jirani zake, nayo hukifanya kiini cha kila chembe ya mwili kiwe cha buluu iliyoiva. Ya pili, iitwayo eosini, hufanya sehemu iliyobaki kuwa ya waridi. Kwa rangi hizo mbili tu, za buluu na waridi, madaktari wamesoma magonjwa kwa zaidi ya miaka 100. Mimi naona jambo hili ni la ajabu kupita mashine nyingi za siku hizi zenye bei kubwa.

Historia yake ndefu nitaipita haraka. Mwitalia Morgagni alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1761, naye alikuwa na umri wa miaka 79. Alionyesha kwamba ugonjwa una makao yake katika kiungo fulani cha mwili. Mjerumani Virchow, mwaka 1858, akafika ndani zaidi akasema makao yake ni katika chembe za mwili. Hayo yamo vitabuni. Habari ya kutufaa zaidi ilitokea karibu nasi, katika hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari wa kupasua, Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, aliitwa amtazame mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote. Baada ya muda mfupi, huko Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye taya kama zile, tena akiwa na uvimbe tumboni. Akashangaa. Mwaka 1958 aliandika habari zao, akidhani ni kansa ya taya. Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Burkitt alikitenda peke yake. Sivyo ilivyokuwa, na hapa ndipo patholojia inapoingia. Katika chuo cha Makerere, Daktari Davies na wenzake walikuwa wameanzisha mwaka 1954 daftari la kuandika kansa zote za Kampala, nao walitunza vioo na taarifa za maiti waliopasuliwa. Daktari O'Conor, Mmarekani, alipovitazama vioo vya watoto, aliona kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo, na wa mahali pengine, ambao ulikuwa umepewa majina mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja: limfoma, yaani kansa ya chembe za kinga ya mwili. Chini ya hadubini chembe zake zimesongamana nyeusi-nyeusi, na katikati yake zimetawanyika chembe kubwa nyeupe. Madaktari huliita umbo hilo anga la nyota.

Tazameni basi faida ya jina moja. Maadamu ugonjwa ulikuwa na majina matano, hakuna aliyeweza kuuliza swali lolote juu yake. Ulipopata jina moja, Burkitt aliweza kuuliza: Wapi upo, na wapi haupo? Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 alitoka Kampala katika gari kuukuu la Ford pamoja na madaktari wawili wa misioni, Williams na Nelson, wakasafiri wiki 10, maili 10,000, wakafika hospitali zaidi ya 50 mpaka Afrika ya Kusini. Wakakuta kwamba ugonjwa hupatikana nchi za chini zenye joto na mvua, na katika nyanda za juu zenye baridi haupo. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwanafunzi wa hapa aweza kulifahamu jambo hilo bila kusafiri: mji wetu, kando ya Tanganyika, uko kama mita 800 juu ya bahari, na milima tuionayo upande wa mashariki yapita mita 2,000. Mwendo wa saa moja tu wa gari hututoa katika hali ya nchi moja na kututia katika nyingine.

Kipande cha mwisho cha kisa hiki napenda sana. Daktari Epstein wa London alikuwa akitafuta kirusi katika uvimbe huo, naye alipelekewa vipande kwa ndege toka Kampala. Siku moja mwaka 1963 ukungu uliizuia ndege isitue London, ikatua Manchester. Kifurushi kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Mtu mwingine angaliyamwaga. Yeye aliweka tone chini ya hadubini kwanza, akaona si uozo bali ni chembe hai za uvimbe zikielea. Zikakuzwa, na mwaka 1964 yeye pamoja na Achong na Barr walikionyesha kirusi chenyewe, ambacho leo hujulikana kwa majina ya Epstein na Barr. Watu zaidi ya 90 katika kila 100 duniani wanacho mwilini bila ya madhara makubwa. Malaria ya mara kwa mara ndiyo humfungulia njia ya kuleta kansa kwa mtoto. Watoto wengine walipona kwa dawa tu, bila kisu, na mwaka 1967 pakaanzishwa Kampala kituo cha kuutibu ugonjwa huo, ambacho baadaye kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Nageukia sasa hali yetu. Katika nchi nyingi za Afrika daktari wa patholojia ni chini ya mmoja kwa watu milioni moja. Burundi nayo ina wachache mno. Maana yake ni kwamba chupa hungoja, au husafirishwa mbali. Hospitali ya Butaro, kaskazini ya Rwanda, ilipofungua kituo chake cha kansa mwaka 2012, vipande vyake vilipelekwa mpaka Boston, Marekani, vikasomwe huko. Baadaye walipata wataalamu na mitambo yao wenyewe. Siku hizi picha ya kioo kizima yaweza kupelekwa kwa intaneti, ikasomwa siku ile ile na mtu aliye mbali. Ni msaada mkubwa, illa lazima awepo mtu hapa wa kukata, kutia rangi, na kumwambia daktari wa kupasua kwamba kipande alicholeta hakitoshi.

Basi mwanafunzi afanye nini? Ajue kwanza kwamba udaktari wenyewe aweza kuusoma hapa: Chuo Kikuu cha Burundi kina hospitali yake ya mafunzo Kamenge, na katika chuo hicho alihitimu mwaka 1983 Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Patholojia hufundishwa kila mwanafunzi wa udaktari, lakini wengi huipita kama mtihani wa kukariri. Atakaye kuijua aombe ruhusa kukaa maabara nyakati za likizo, aone kipande kikipokewa na kukatwa. Amfuate mgonjwa mmoja toka kitandani mpaka kwenye kioo, kisha arudi kitandani na jibu. Na wakati wa kuandika tasnifu yake achague habari itakayomlazimisha kufungua madaftari ya maabara. Tumeona daftari la Kampala lilivyozaa matunda. Ubingwa wenyewe husomwa baadaye, miaka mitatu au minne, katika vyuo vya Nairobi, Makerere, Muhimbili na Rwanda. Huko masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo sisi tusomao kwa Kifaransa tusikidharau kipindi cha Kiingereza cha Ijumaa alasiri.

Liko jambo moja ambalo huwarudisha wengi nyuma, nalo ni maiti. Watu husema kazi hii ni ya kukata wafu. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi ni ya walio hai. Lakini kupasua maiti kupo, na katika mitaa yetu, ambako Waislamu huzika upesi na Wakristo nao hawapendi mwili uguswe, familia nyingi hukataa. Sioni haki ya kuwalaumu. Huko Kisumu na Siaya, Kenya, katika miaka ya karibuni watu wametumia njia nyingine kwa watoto wadogo: mzazi huombwa ruhusa, kisha kwa sindano huchukuliwa vipande vidogo vya ini, mapafu na ubongo, na mwili hurudishwa mzima kwa maziko. Mzazi huelezwa baadaye mtoto wake alikufa kwa nini, apate kuwalinda ndugu zake waliobaki. Daktari atakayeileta njia hiyo hapa atahitaji kujua hadubini, na pia kujua namna ya kukaa mkekani na baba aliyefiwa akamweleza kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Wazee wetu mliotangulia shuleni hapa, ambao sasa mko Kamenge au Nairobi, mkija likizo tunaomba mtuletee vioo viwili vitatu vya zamani. Hadubini ya shule ipo, na kioo chake kikubwa hakijapasuka.