Kulala na mashine Mtito Andei: vidokezo kwa wanaokoroma na wanaoshika usukani

Mtito Andei ni mji wa kupumzikia. Nairobi iko kama kilomita 240 upande mmoja, Mombasa karibu hizo hizo upande wa pili, na kila jioni malori hujipanga kando ya barabara kuu, madereva wakajinyoosha kwenye kitanda cha nyuma ya viti. Pita hapo saa tisa usiku, usikilize. Mkoromo mzito unapanda, unapanda, halafu kimya. Sekunde kumi, ishirini. Kisha mtu anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kana kwamba ameopolewa mtoni, anageuka ubavu, mkoromo unaanza upya. Huyo hajalala, hata akiamka akuambie amelala fofofo. Na alfajiri atawasha injini.

Ndiyo apnia ya usingizi. Ukilala, nyama za koo hulegea, njia ya hewa huziba, na ubongo hulazimika kukugutusha ili upumue, mara kadhaa kila saa, bila wewe kujua. Tiba yake kuu ni mashine ya CPAP: kisanduku kinachovuta hewa ya chumbani na kuisukuma kupitia paipu hadi kwenye barakoa, ili koo lisizibe. Aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na mwaka 1981 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wao watano wa kwanza. Mashine inafanya kazi, hilo halina ubishi. Kinachowashinda wengi ni kuizoea, na mara nyingi wanashindwa kwa vijisababu vinavyotatulika kwa dakika tano.

1. Pimwa kwanza

Si kila anayekoroma ana apnia, na si kila mwenye apnia ni mnene. Dalili za kukupeleka kwa daktari ni hizi: mwenzako anakuambia unaacha kupumua usingizini, unasinzia mchana hata kwenye mazungumzo, unaamka na kichwa kinauma, unakwenda haja ndogo mara kadhaa usiku, au presha yako haishuki licha ya dawa. Chukua pia futi ya fundi cherehani ujipime shingo. Kwa mwanamume, inchi 17 na kuendelea ni ishara ya kuangaliwa; kwa mwanamke, inchi 16.

Anzia hospitali ya hapa Mtito Andei, au ya Kibwezi au Makindu, wapime presha na sukari na wakuandikie rufaa. Kipimo chenyewe hufanywa usiku. Utalala kwenye hospitali kubwa ukiwa na nyaya mwilini, au utapewa kifaa kidogo ulale nacho kwako. Jibu huja kwa hesabu ya mara ngapi pumzi ilikatika au kupungua kila saa. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni apnia hafifu, 15 hadi 30 ni ya wastani, zaidi ya 30 ni kali. Itunze karatasi hiyo pamoja na ile inayoonyesha kiwango cha hewa ulichoandikiwa.

2. Jihadhari na mashine za mitumba

Najua bei ya mpya inatisha, na najua kuna binamu Marekani anayeweza kukutumia iliyotumika. Kabla ya kupokea, muulize ni ya kampuni gani na ya mwaka gani. Juni 2021 kampuni ya Philips iliagiza mamilioni ya mashine zake duniani kote zirudishwe kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani ilikuwa ikimumunyuka, na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Baadhi ya mashine za namna hiyo bado zinazunguka sokoni. Namba iliyoandikwa chini ya mashine ndiyo itakayokuambia ukweli. Barakoa na paipu nunua mpya, na kiwango cha hewa kiwekwe upya na mtaalamu. Kiwango cha binamu si chako.

3. Ianze mchana, sio usiku

Usiku wa kwanza ukivaa barakoa kitandani ukiwa umechoka, utaivua na kuitupa. Ianze sebuleni. Ishike usoni kwa mkono bila kufunga mikanda, huku mashine ikiwaka, usikilize taarifa ya habari. Siku inayofuata funga mikanda. Kisha lala nayo usingizi wa mchana. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na hewa laini inayopanda polepole mpaka kiwango chako. Kitumie bila aibu. Ukihisi kama unabanwa pumzi, funga mdomo, pumua kwa pua taratibu na utoe hewa bila kupigana nayo.

4. Barakoa ndiyo kila kitu

Kama una nguvu ya kushughulikia jambo moja tu, shughulikia hili.

Kuna aina tatu: inayofunika pua peke yake, inayofunika pua na mdomo, na ile ndogo yenye vijibomba viwili vya kukaa kwenye tundu za pua. Anayepumua kwa mdomo usiku kucha humfaa ya pili. Mwenye ndevu nyingi au anayeogopa kufunikwa uso humfaa ya tatu. Kwa joto la huku, ndogo ina faida nyingine, kwamba haitoi jasho shavuni.

Ifunge ukiwa umelala, kwa kuwa uso hubadilika ukiegemea mto. Washa mashine kwanza, iinue barakoa kidogo mbele ili mpira wake ujae hewa, iachie ikae yenyewe, ndipo ukaze mikanda. Kosa la karibu kila mtu ni kukaza kupita kiasi. Hewa ikivuja tunakaza, ikivuja tena tunakaza zaidi, na asubuhi pua ina kidonda. Kidole kimoja kinapaswa kupita chini ya mkanda.

Halafu kuna mafuta. Wengi wetu huoga jioni na kujipaka mafuta ya mgando usoni mpaka tung'ae. Mafuta hayo huifanya barakoa iteleze na kuharibu mpira wake mapema. Paka miguu na mikono, uso uache mkavu. Dada wenye misuko mizito, legezeni mikanda ya nyuma na mvae kofia laini ya kulalia chini yake. Asubuhi futa barakoa kwa kitambaa chenye maji na sabuni isiyo kali, na mara moja kwa wiki ioshe pamoja na paipu, vikauke kivulini.

5. Maji ya kisima hayafai

Mashine nyingi zina kitangi cha maji cha kuilainisha hewa ili koo lisikauke. Hapo ndipo ugeni wa teknolojia unapokutana na uenyeji wetu. Maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi, na utando mweupe unaouona ndani ya birika la chai ndio utakaojijenga ndani ya kitangi. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi chumvi. Uliza duka la dawa maji safi yasiyo na madini. Ukiyakosa, maji ya chupa yatakuvusha usiku mmoja au mawili, au zima kitangi ulale bila maji.

Usitumie kamwe "maji ya betri" ya gereji. Baadhi ya chupa zinazouzwa kwa jina hilo ni asidi.

Kila asubuhi mwaga yaliyobaki. Usiiinamishe wala kuiinua mashine ikiwa na maji ndani.

6. Vumbi jekundu

Nyuma au ubavuni mwa mashine kuna kichujio. Vitabu vya maelekezo huandikwa kwa watu wa nyumba zenye zulia. Wewe una barabara ya malori na upepo wa kiangazi. Kiangalie kila wiki, na kikishageuka rangi kibadilishe bila kungoja mwezi uishe. Weka mashine juu ya kistuli, chini ya usawa wa kitanda lakini si sakafuni. Paipu ipitishe chini ya ukingo wa neti na uuchomeke ukingo chini ya godoro, la sivyo mbu watapita hapo hapo.

7. Stima ikipotea, na usiku wa ndani ya lori

Stima ikikatika, mashine huzima nawe utaamka. Barakoa ina matundu ya kutoa hewa, kwa hiyo usiingiwe na hofu, ivue tu. Mwenye sola nyumbani anaweza kutenga betri moja kwa kazi hii. Kinachokula umeme zaidi ni kupasha maji moto. Ukizima kitangi, betri ile ile itakupeleka mbali zaidi.

Kwa dereva, tahadhari ni mbili. Ya kwanza, magari mengi makubwa ni ya volti 24, na inveta ya gari dogo ni ya volti 12. Ukizichanganya utanusa moshi. Nunua kigeuzi kinachotengenezwa kwa ajili ya mashine yako, useme wazi kwamba ni cha lori. Ya pili, usiinyonye betri ya kuwashia gari usiku kucha, maana asubuhi utaomba kusukumwa mbele ya wenzako. Betri ya pembeni inayochajiwa safarini ni salama zaidi. Na tanboi wako ajue kifaa hicho ni nini, asije akakichomoa achaji simu.

8. Waeleze watu wa nyumbani

Tangu corona, mtu akiona barakoa yenye paipu anawaza chumba cha wagonjwa mahututi. Mke anaogopa, watoto wanachungulia, jirani anauliza kama mzee amezidiwa. Waambie mapema kwamba mashine haitoi oksijeni wala haikupumulii, inasukuma hewa ile ile ya chumbani. Mwonyeshe mwenzako jinsi inavyowashwa, kwa kuwa yeye ndiye atakayesikia barakoa ikivuja kabla yako. Naye ana haki ya kufurahi, maana baada ya miaka mingi ya ngurumo atasikia mvumo mdogo tu.

9. Kero ndogo zisikuachishe

Pua imeziba? Isafishe kwa maji ya chumvi ya dukani kabla ya kulala. Mdomo umekauka? Huenda unaachama usiku. Uliza barakoa ya pua na mdomo. Tumbo limejaa gesi? Unameza hewa, mweleze mtaalamu aangalie kiwango. Macho yamekauka? Hewa inavuja juu ya pua. Umeamka umeivua bila kujua? Irudishe na ulale tena.

10. Faida zipi, na lini

Ya kwanza kuonekana, kwa wengi, ni choo cha usiku. Mtu aliyekuwa akiamka mara nne, akidhani ni sukari au tezi dume, anashangaa kukuta kumekucha. Kichwa cha asubuhi hupungua, na hasira pia. Kusinzia mchana kunaweza kupungua ndani ya siku chache, au kuchukua wiki kadhaa. Presha hushuka kwa kiasi kidogo, kwa hiyo usiache dawa zako.

Kuhusu moyo sitakuahidi makubwa. Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba mashine ilipunguza mshtuko wa moyo au kiharusi. Ila wagonjwa hao waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na hata hivyo kusinzia kwao mchana kulipungua na wakajisikia vizuri zaidi. Wataalamu huhesabu angalau saa nne kwa usiku kama mwanzo. Wewe lenga usingizi wote, ukiwemo ule wa mchana, maana koo halijui saa.

11. Vinavyoharibu kazi

Pombe hulegeza koo, iwe ya chupa au kaluvu. Dawa za usingizi bila ushauri wa daktari, hivyo hivyo. Muguka hukufumbua macho lakini haulipi deni la usingizi. Kulala chali huongeza kuziba, lala ubavu. Kupunguza uzito husaidia sana, ingawa si sababu ya kuahirisha mashine hadi siku utakapopungua.

12. Kwa wenye malori

Sheria yetu ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Lakini saa za kupumzika hazimfai mtu ambaye hapumui akilala. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya madereva wa malori. Wale waliokutwa na apnia wakakataa tiba walipata ajali mara tano zaidi ya wenzao wasio na ugonjwa huo. Waliotumia mashine ipasavyo hawakuwazidi wenzao kwa ajali.

Kwa hiyo, mabosi, msimfukuze dereva anayesema anasinzia, kwa sababu mkimfukuza mmoja waliobaki watanyamaza. Mpelekeni apimwe, na akikutwa na tatizo msaidieni kununua mashine. Bei yake haifikii ya seti nzima ya tairi za trela moja.