Kikombe na Ukuta: Hesabu ya Daraja la Nusu

Kahawa iliyomiminwa kikombeni katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hupoa kwa kanuni ya Newton: kasi ya kupoa hulingana na joto lililozidi la hewa wakati ule ule. Yaliyopita haiyakumbuki. Mlinganyo wake ni wa daraja la 1.

Ukuta mnene wa zege, uliopata moto mpaka ndani, hukumbuka. Uso wake unapopoa, joto la ndani huufuata. Mlinganyo wa uso huo ni wa daraja la nusu, jambo ambalo Leibniz alimwandikia l'Hôpital mwaka 1695.

Nimekokotoa yote mawili, kila kimoja kikianza na joto 1. Wakati 0.25 kikombe kina 0.78, ukuta 0.62: ukuta umetangulia! Wakati 1 ni 0.37 na 0.43. Wakati 4 kikombe kimebakiwa na 0.02, ukuta 0.26. Nadhani ndiyo sababu vyumba vya mjini huwa na fukuto hata baada ya isha.

Daraja likisogezwa polepole toka nusu kuelekea 1, mchoro nao husogea polepole hata ukalala juu ya ule wa kikombe. Basi apimaye mara moja tu, karibu na wakati 1, hatambui daraja lipi; na apime mapema, kisha usiku.