Somo: Mteja Mpya Akija Kwa Fundi



Katika somo hili tunazungumza na wanavikundi wanaofanya kazi ya mikono kwa oda: washonaji, maseremala, wachomeleaji vyuma, mafundi wa kujenga. Hawa hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kila mteja mgeni anapoingia ni kama wameandikwa kazi upya. Vikundi vingi tunavyotembelea vina ujuzi wa kutosha. Cherehani zipo, mikono ipo. Vinaanguka siku ile ya kwanza, pale mteja anapokuja na kikundi, kwa furaha, kinasema ndiyo kabla ya kumwuliza lolote.

Sisi sote tunajua ile sifa mbaya ya mafundi: "Njoo kesho." Watu husema fundi ni mwongo. Kwa maoni yetu mara nyingi si uongo, ni hesabu. Pesa za mteja wa leo zimenunua kitambaa cha mteja wa juzi, na zile za juzi zilienda kwa karo au kwa unga. Basi leo kitambaa hakuna, na fundi anangoja mteja mwingine alete pesa ili aanze kazi ya huyu. Mduara huo hauvunjwi kwa kuomba radhi. Unavunjwa siku ya kumpokea mteja.

Kwanza, mpe mteja kiti. Usimjibu bei akiwa amesimama mlangoni. Tuseme mwalimu amekuja kuomba sketi 40 za shule. Muulize: ni sketi za namna gani? Mwalimu akisema "sketi" tu, fundi huwaza sketi ya kawaida, kumbe mwalimu ana picha ya sketi ya marinda. Marinda hula kitambaa! Muulize pia zinatakiwa siku gani, na kwa nini siku hiyo. Kama shule inafunguliwa Jumatatu, sketi zikifika Jumatano watoto wamekwisha kurudishwa nyumbani. Tena muulize ni nani atakayelipa, na ni nani atakayesema kazi ni nzuri. Pengine aliyekuja ni mwalimu wa darasa tu, na mwenye kutoa pesa ni mwalimu mkuu. Usikate kitambaa kwa neno la mtu asiyeshika pesa.

Vipimo visichukuliwe kwa kukisia "saizi ya darasa la nne". Watoto wa darasa moja hawalingani hata kidogo. Mpime kila mtoto kiuno na urefu, uandike jina lake, na uache pindo la kutosha chini, maana mtoto anakua.

Sasa tufike kwenye pesa, na hapa tukae kidogo. Mafundi wengi huomba nusu ya bei kama malipo ya kwanza, yaani arbuni. Kwa nini nusu? Hakuna anayejua, ni mazoea tu. Tufanye hesabu ya zile sketi. Tuseme kila sketi inataka mita moja na robo, hivyo sketi 40 ni mita 50. Kama mita ni shilingi 300, kitambaa ni shilingi 15,000. Zipu, kifungo na uzi tuseme shilingi 40 kwa kila sketi, jumla 1,600. Nauli ya kwenda mjini na kurudi na mzigo, 400. Vitu vyote ni shilingi 17,000.

Mmeelewana bei ya shilingi 700 kwa sketi, yaani 28,000. Nusu yake ni 14,000. Mnaona? Hata kabla ya kushona mshono mmoja, kikundi kimepungukiwa na 3,000, na zitatoka wapi kama si kwa mteja mwingine? Basi malipo ya kwanza yahesabiwe kutokana na vitu, yasiwe nusu ya mazoea. Hapa ni 17,000. Zile 11,000 zinazobaki zilipwe siku ya kuchukua mzigo. Kati yake, 6,000 ni za washonaji, shilingi 150 kwa sketi, na 5,000 ni za kikundi kwa kodi ya chumba, mafuta ya cherehani na akiba. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama.

Malipo ya kwanza si mapato. Ni pesa za mteja zilizo mikononi mwetu mpaka zigeuke kitambaa. Zikija kwa M-Pesa, ziende kwa namba ya kikundi, siyo ya mwanachama aliyekuwa zamu siku hiyo. Mweka hazina aandike risiti na kuziingiza daftarini siku hiyo hiyo, kwenye ukurasa wa mteja huyo peke yake.

Halafu andikeni mapatano. Karatasi moja inatosha: kazi gani, ngapi, bei, kilicholipwa, kilichobaki, siku ya kuchukua, sahihi za pande mbili. Mkatie mteja kipande kidogo cha kitambaa alichochagua, ukigawe mara mbili, kimoja abaki nacho na kingine kishikizwe kwenye karatasi yenu. Rangi ya jora moja na jora lingine hutofautiana, na ugomvi wa rangi ni mgumu sana kuamua kwa maneno. Kisha shoneni sketi moja, aione, akubali, ndipo mkate zile 39.

Wengine watasema, "Huyu ni Mkristo mwenzetu wa jumuiya, tutamwandikishaje?" Yeye hasa ndiye wa kuandikiana naye. Asiyejulikana mkikosana mtaachana tu, lakini huyu mtakutana naye kila Jumapili.

Karatasi hiyo ina nguvu hata mbali na kijiji. Kuna Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Husikiliza madai ya bidhaa na huduma yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujisemea bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike kwa siku 60. Mahakama hizi hazijafika kila mji, na sisi tungependa mpatane kwanza kwa mzee wa kijiji au chifu. Lakini hata chifu atauliza: mliandikiana?

Kazi ya kikundi: Katika mkutano ujao, wawili waigize. Mmoja awe mteja mwenye haraka anayetaka milango minne ya mbao kabla ya arusi ya binti yake, na hataki kutoa zaidi ya shilingi 2,000 za kuanzia. Mwingine awe seremala. Wengine wasikilize na kuandika kila swali ambalo seremala amesahau kuuliza. Baadaye mweka hazina afungue daftari, na mhesabu pamoja ni oda ngapi zilizoko sasa ambazo pesa yake ya vitu imekwisha kutumika kwa kazi nyingine.