Kibarua na Kitabu: Mwanafunzi wa Ziwani Ughaibuni

Neno kibarua limetokana na barua. Kilikuwa kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, akikirudisha apate ujira wake. Baadaye jina la karatasi likamhamia mwenyewe, kisha kazi yake. Makala haya yanachunguza kibarua cha mwanafunzi anayetoka Kisumu na mwambao wake kwenda kusoma Marekani.

Safari hiyo si ngeni. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege, katika mpango wa Tom Mboya, ambaye asili ya ukoo wake ni Kisiwa cha Rusinga. Kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800 kutoka Afrika Mashariki. Ufadhili wa karo haukuwa lazima ulishe wala uvishe, na wapo waliosoma huku wakiosha vyombo.

Leo kibarua hicho kimewekewa mipaka. Mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na katika mwaka wa kwanza hiyo huwa kazi ya chuoni tu. Papo hapo sharti asajili mzigo kamili wa masomo. Kwa shahada ya kwanza, kwa kawaida ni krediti 12. Kwa desturi ya vyuo vya huko, hizo ni takriban saa 12 za darasani na 24 za kujisomea. Jumla, pamoja na kazi, ni saa 56. Zinawezekana, ila haziachi nafasi ya ugonjwa, wala ya simu kutoka nyumbani kwamba mdogo wake amerudishwa kwa kukosa karo. Hapo ndipo zamu ya siri huanza kuvutia. Anayebainika huhatarisha haki yake ya kukaa nchini, si kazi pekee.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi hutendeka kabla ya safari. Mwombaji viza hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu. Jamaa huchanga, wengine hukopa ili akaunti ijae, kisha mkopo hurudishwa, kwa imani kwamba kibarua kitaziba pengo. Kitalizibaje? Kwa kima cha chini cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa tangu 2009, saa 20 ni dola 145 kwa wiki kabla ya kodi. Hesabu hii yafaa isomwe mbele ya kamati ya harambee, kabla tiketi haijakatwa.