SOMO LA 14: MANENO YA SIMU NA SINDANO YA KORONA

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliingia Tanzania. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi. Ugonjwa huu huenea kwa njia ya hewa na hushambulia mapafu.

Habari za ugonjwa zilienea upesi. Habari za chanjo zilienea upesi zaidi. Zilipita katika simu. Mtu wa mjini alimtumia ndugu yake wa kijijini sauti au picha. Ndugu naye akawatumia wengine. Hakuna aliyemjua msemaji wa kwanza.

Wengine walisema chanjo inaua uzazi. Wengine walisema ndani yake mna sumaku. Walionyesha picha ya sarafu iliyonata begani. Ndugu msomaji, hebu jaribu. Chukua sarafu, ibandike kwenye paji la uso lenye jasho. Huenda ikanata, hata kama hujachanjwa. Kinachoishika ni jasho na mafuta ya ngozi. Na uzazi je? Waliochanjwa wamezaa, wake kwa waume.

Je, walioogopa walikuwa wajinga? La. Mwezi Januari 2021 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alieleza hadharani mashaka yake juu ya chanjo. Alifariki mwezi Machi. Tarehe 24 Julai chanjo zaidi ya milioni moja ziliwasili kutoka Marekani. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, Dar es Salaam. Mtu aliyesikia hili na lile katika mwaka mmoja ana haki ya kuuliza.

Tena, si kila neno la kutisha lilikuwa uongo. Chanjo ile, iitwayo Janssen, iliwapa wengi homa na maumivu ya mkono kwa siku chache. Watu wachache sana duniani waliganda damu mwilini. Wataalamu wenyewe walilitangaza jambo hilo. Chanjo haikumzuia kila mtu kuambukizwa. Ilipunguza ugonjwa mkali na vifo.

Watazame wazee wa kijiji chako. Baadhi yao wana kovu mkononi. Ni kovu la chanjo ya ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Sasa wewe unajua kusoma. Ukipata ujumbe wa WhatsApp, tazama juu yake. Ukiona mishale miwili, ujue umekwisha kupita kwa watu wengi. Mishale haisemi kama ni kweli au uongo. Nenda zahanati ukamwulize mganga kabla ya kumtumia mwenzako.

MASWALI
1. Kwa nini sarafu hunata kwenye ngozi?
2. Chanjo ya korona ilipunguza nini?
3. Umewahi kutumiwa habari ya kutisha katika simu? Ulimwuliza nani?