Mtoto Analia Wodini? Vidokezo 6 kwa Wauguzi wa Gitega na Muyinga

Zamu ndefu, vitanda vimejaa, na mama wa kitanda cha kona anakuita tena. Nani ana muda wa kusoma majarida ya utafiti? Usijali! Mengi yaliyothibitishwa kuhusu maumivu ya watoto hayahitaji mashine wala bajeti, na unaweza kuyaanza leo.

1. Yape maumivu namba
Kichanga hawezi kukuambia anaumwa wapi, ila mwili wake unasema. Tumia kipimo cha FLACC, kilichochapishwa Marekani mwaka 1997 kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 7. Tazama uso, miguu, mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja kipe 0 hadi 2, kisha jumlisha. Umefika 4? Chukua hatua.

2. Mkubwa ajisemee
Kuanzia miaka 4 hivi, mwonyeshe kadi ya sura sita na umuulize kwa Kirundi: sura gani inaonyesha unavyoumwa? Usimuulize anajisikiaje, maana atakuchagulia sura ya kumkosa mama!

3. Ziwa kwanza, sindano baadaye
Mama aanze kunyonyesha kabla ya chanjo na aendelee wakati unachoma. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2015. Mtoto apakatwe, asilazwe chali na kubanwa. Kama sindano ni zaidi ya moja, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Na mama je, atoke nje? Hapana, yeye ndiye msaidizi wako bora.

4. Mzani kabla ya kidonge
Kukata parasetamoli kwa kukadiria kwa macho, basi tena! Dozi ya kawaida ya mdomo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mwenye kilo 10 anapata miligramu 100 hadi 150. Kichanga wa siku chache ana hesabu yake, muulize daktari kwanza.

5. Fuata saa, usingoje kilio
Kama maumivu ni ya kudumu, mfano baada ya upasuaji au kuungua, dawa itolewe kwa ratiba. Mtoto aliyenyamaza huenda amechoka kulia tu.

6. Rudi, pima, andika
Saa moja baada ya dawa ya mdomo, pima tena. Ilikuwa 7, sasa ni 3? Hongera! Bado 7? Mwite daktari ukiwa na namba mkononi, utasikilizwa haraka. Ongeza mstari wa maumivu chini ya ule wa joto kwenye chati, na uutaje mnapokabidhiana zamu.

Sita ni nyingi? Anza na namba 1 kesho asubuhi, kwa mtoto mmoja. Ukishaizoea, mfundishe mwenzako wa zamu. Unaweza kabisa!